Vita vya Kagera kwa Masikio ya Kibaha na Kisarawe

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilipiganwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibaha na Kisarawe. Hakuna bomu lililoanguka Mlandizi, wala askari wa Uganda aliyekanyaga Maneromango. Hata hivyo, tangu Oktoba 1978 hadi Juni 1979, vita hivyo vilifika katika vijiji vya Uzaramo, nchi ya Wazaramo, kila jua lilipozama, kwa Kiswahili, kupitia redio, na havikufika kwa sauti moja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisimulia vita vyake, Radio Uganda vyake, London na Köln nazo vyao. Aliyekuwa na redio yenye masafa mafupi aliweza, katika jioni moja, kusikia eneo lilelile likiitwa lililovamiwa, lililokombolewa na lenye mgogoro. Historia ya vita hivyo imeandikwa zaidi kwa upande wa waliopigana. Ya waliosikiliza haijaandikwa vya kutosha, ingawa wao ndio waliokuwa wengi.

Kibaha iko kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam. Kisarawe imekaa juu ya vilima vinavyopakana na Pugu, kusini-magharibi ya jiji. Magazeti ya asubuhi yaliweza kufika miji hiyo miwili siku hiyohiyo kwa basi. Ukishatoka hapo kwenda ndani, kuelekea Chole, Mafizi au Vikumburu, gazeti lilifika likiwa limeshasomwa na wengi, au halikufika kabisa. Huko redio ndiyo iliyokuwa gazeti.

Watu wa Uzaramo hawakuanza mwaka 1978 kupokea habari za vita zinazopingana. Vita vya kwanza vya dunia viliwakuta na magazeti ya Kiswahili tayari. Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga, na Pwani na Bara lilitolewa na wamisheni Walutheri kuanzia 1910. Wamisheni hao walikuwa na vituo Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890, kwa hiyo walimu na wanafunzi wa huko walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo nchini kusoma habari za Ulaya kwa Kiswahili, ingawa ni Ulaya kama Wajerumani walivyotaka ionekane. Novemba 1914 Sultani wa Uturuki alipotangaza jihadi dhidi ya Waingereza na wenzao, serikali ya Kijerumani ilieneza wito huo kwa Waislamu wa pwani. Ilikuwa serikali ileile ambayo mwaka 1908 ilihangaishwa na barua zilizosemekana kutoka Makka, ikaziona kuwa uchochezi. Miaka sita tu ilitosha kugeuza neno la dini kutoka hatari hadi silaha, na waliosikia tangazo la kwanza walikuwa bado hai kusikia la pili.

Kisha Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam, na magazeti yale yakanyamaza. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliendelea kupigana hadi kusini ya Rufiji, Msumbiji, na mwisho Rhodesia ya Kaskazini. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, naye alipata habari siku mbili baadaye kwa njia ya adui: mjumbe wa Waingereza alikamatwa akiwa amebeba taarifa hiyo. Akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. Jeshi zima lilijua kwamba vita vimekwisha kwa sababu barua ya upande wa pili ilianguka mikononi mwake.

Utawala wa Waingereza ulileta Mambo Leo mwaka 1923, gazeti la serikali lililosomwa sana na walimu, makarani na watu wa misheni. Mwaka 1925 chuo cha St. Andrew's kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikajengwa Minaki, karibu na mji wa Kisarawe, na humo walifunzwa vijana waliokuja kuwa walimu nchi nzima. Vita vya pili vya dunia viliwachukua Watanganyika wapatao 87,000 kuwa askari, wakapelekwa Ethiopia, Bukini na Burma. Nyumbani habari zao zilipita kwenye magazeti ya serikali na ya jeshi, na Dar es Salaam Erica Fiah alikuwa na gazeti lake la Kwetu, lililoanzishwa 1937, likisema mambo ambayo Mambo Leo lisingeyasema. Kwa msomaji wa Minaki, tofauti ya kinachoandikwa na serikali na kinachoandikwa na Mwafrika ilikuwa wazi tangu wakati huo.

Kilichobadilisha yote ni redio. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, yakawa shirika kamili mwaka 1956, na mwaka 1965 likazaliwa jina ambalo wazee hawajaliacha hadi leo: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Wakati huohuo mataifa makubwa yaligundua kwamba Kiswahili ni mlango. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC tarehe 27 Juni 1957, Moscow 1960, Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, na Sauti ya Ujerumani kutoka Köln Februari 1963. Ndani ya miaka kumi hivi mkulima wa Msanga alikuwa anabembelezwa na Waarabu, Waingereza, Warusi, Wachina, Wamarekani na Wajerumani, wote kwa lugha yake. Lugha chache za Afrika zimewahi kugombewa hivyo.

Redio yenyewe ilikuwa kifaa cha kawaida kwa wakati huo. Kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na redio na betri za National zilizotoka humo ziliuzwa hadi maduka ya vijijini. Betri zilipodhoofika zilitolewa, zikaanikwa juani juu ya ukuta au bati, zikarudishwa ili zivute taarifa ya habari nyingine mbili tatu. Ili kupata London, mwenye redio alifunga waya kwenye antena, akaupitisha dirishani hadi kwenye mkorosho au mwembe, kisha akasogeza mshale pole pole kwenye masafa ya mita 25, 31 au 49. Kwanza mluzi, kisha muziki wa nchi isiyojulikana, kisha sauti ya Kiswahili ikija na kupotea kama mawimbi. RTD haikuhitaji taabu hiyo. Ngoma za kuashiria taarifa ya habari ya saa mbili usiku zilisikika wazi, na kila kizazi kilichozikulia kinazikumbuka.

Serikali yenyewe ndiyo iliyowazoesha watu kusikiliza kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili vyoo, malaria na maji ya kunywa. Operesheni Vijiji ya miaka hiyohiyo iliwahamisha watu kutoka mashamba yaliyotawanyika hadi vijiji vya pamoja. Uhamisho huo uliwaumiza wengi, wakaacha mikorosho na makaburi ya wazee wao, na haifai jambo hilo kupitwa kwa haraka. Lakini uliwaweka watu jirani. Redio moja sasa ilisikika katika nyumba kumi, na kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeshusha idadi ya wasiojua kusoma hadi asilimia 27 kufikia 1977. Kijiji kilichoingia katika vita vya Kagera kilikuwa kijiji kilichokwisha fundishwa kuketi, kusikiliza na kujadili.

Ugomvi wa redio ulianza kabla ya ule wa mizinga. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Tanzania ilikataa kumtambua na ikampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka wakitokea Tanzania, wakashindwa, na mapatano ya Mogadishu ya mwezi uliofuata yakatuliza mambo kwa muda. Mwaka 1973 Amin akatoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Watu wengi wameijadili amri hiyo kama jambo la siasa ya ndani ya Uganda, lakini kwa msikilizaji wa Tanzania ilikuwa na matokeo ya pekee: vita vilipokuja, adui alizungumza Kiswahili hewani. Hakukuwa na haja ya mkalimani. Matusi, majigambo na madai ya Kampala yalifika Kibaha jinsi yalivyo.

Oktoba 1978 Radio Uganda ilianza kudai kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Madai hayo yalikuwa kinyume cha mambo. Majeshi ya Uganda yalikuwa yakishambulia ng'ambo ya mpaka, na tarehe 30 Oktoba yakaingia kwa nguvu kupitia Mutukula, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda na kwamba mto ndio mpaka mpya. Msemaji wa jeshi alijisifu kwamba kazi hiyo ilichukua dakika 25. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilibomolewa. Watu waliuawa, maelfu wakakimbia, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na hotuba ikarushwa na RTD. Aliweka hoja yake juu ya nguzo tatu ambazo hakuna Mtanzania wa rika la vita hivyo asiyezijua: uwezo wa kumpiga Amin, sababu ya kumpiga, na nia ya kumpiga. Nguvu ya hotuba hiyo haikuwa katika hasira. Ilikuwa katika mpangilio wake, kama mzee anayesuluhisha kesi barazani: kwanza kilichotendeka, kisha hukumu. Mtu aliyekuwa amekaa siku tatu akisikia madai ya Kampala na taarifa fupi za mashirika ya nje, sasa alipewa maelezo kamili na mtu aliyemwamini. Tangu jioni hiyo vita vilikuwa vya wananchi.

Na tangu jioni hiyo lugha ya vyombo vya habari ilibadilika. RTD na magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalimwita Amin nduli, neno la zamani la muuaji asiye na huruma, likashikamana na jina lake kiasi kwamba watoto walidhani ni sehemu ya jina hilo. Askari wa Tanzania waliitwa vijana wetu. Radio Uganda iliendelea kumwita kiongozi wake Field Marshal na Alhaji, pamoja na cheo alichojitwalia cha mshindi wa dola ya Kiingereza. BBC na Sauti ya Ujerumani zilimwita Rais Amin, zikasema majeshi ya Tanzania na majeshi ya Uganda kwa uzito uleule wa sauti. Kwa mzazi mwenye mtoto mstari wa mbele, usawa huo uliudhi. Msikilizaji makini, hata hivyo, alipata kitu humo: pale redio ilipokataa kutoa sifa na laana, kilichobaki kilikuwa majina ya miji na tarehe, na hayo ndiyo aliyoyatafuta.

Magazeti ya ndani yalikuwa machache. Ngurumo, gazeti la Kiswahili lililopendwa sana na watu wa kawaida, lilikuwa limekufa mwaka 1976. Yaliyobaki ya kila siku yalikuwa Uhuru la chama na Daily News la serikali, na habari zao za vita zilitoka mahali pamoja. Magazeti ya Nairobi hayakupatikana kwa urahisi, kwani mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe aliyetaka maoni ya pili hakuwa na njia ila masafa mafupi. Hakuna aliyemkataza. Serikali haikuziba mawimbi ya BBC wala ya Kampala, na hilo linastahili kutajwa kwa heshima yake.

Katikati ya Novemba tofauti za redio zilifikia kilele chake cha kwanza. Tarehe 14 Amin alitangaza kwamba ameyaondoa majeshi yake Kagera bila masharti. Dar es Salaam ikajibu kwamba huo ni uongo mtupu. Mashirika ya nje, ambayo waandishi wake hawakuruhusiwa kufika mpakani, yalitoa kauli zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja, na kumwachia msikilizaji kazi ya kuamua. Wakati huohuo Amin alipendekeza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwenye ulingo wa ngumi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, ikachekesha watu katika miji ya mbali, na ndiyo inayokumbukwa zaidi Ulaya na Marekani hadi leo. Katika vita ambavyo watu walikuwa wakizikwa Kagera, dunia ilipewa kichekesho kwanza. Hapa ndipo vyombo vya nje vilipokosea zaidi kuliko kokote, na kosa lao halikuwa la ukweli: maneno hayo Amin aliyasema. Lilikuwa kosa la kipimo.

Kibaha na Kisarawe zilikuwa na ushahidi mwingine ambao haukutoka redioni. Reli ya kati inapita Soga na Ruvu, na treni za jeshi zilipita hapo zikielekea Tabora na Mwanza. Malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vifaa, na barabara ya Morogoro ndiyo njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Ruvu iko karibu na Mlandizi. Jeshi, lililokuwa na askari wachache kuliko 50,000 vita vilipoanza, lilikua kwa haraka kwa kuingiza mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza, chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mtu aliyekaa Maili Moja, Kibaha, akiuza machungwa hakuhitaji kuambiwa na yeyote kwamba vita ni vikubwa. Alihesabu magari.

Hesabu hiyo ilianza kusumbua mwezi Januari. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Uganda yalikuwa yamefukuzwa Kagera, na RTD ilitangaza ushindi huo kwa haki yake. Magari yaliendelea kwenda magharibi. Usiku wa kuamkia 22 Januari 1979 wanajeshi wa Tanzania walivuka na kuiteka Mutukula ya upande wa Uganda. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari na Mbarara siku iliyofuata. BBC ilisema majeshi ya Tanzania yako ndani ya Uganda. Radio Uganda ilipiga kelele za uvamizi, na safari hii, kwa mara ya kwanza, kelele zake zilikuwa na msingi. RTD na magazeti ya Dar es Salaam yalisema kwamba kuna vita viwili: kimoja cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, kingine cha Waganda wenyewe kumwondoa dikteta wao, na kwamba wanaosonga mbele kuelekea Kampala ni Waganda.

Maelezo hayo yalikuwa na ukweli nusu. Waganda walikuwapo: Kikosi Maalum cha David Oyite-Ojok na Tito Okello, na wapiganaji wa Yoweri Museveni. Lakini walikuwa wachache, na uzito wa kazi uliwaangukia Watanzania. Sababu ya kuficha ilikuwa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokataza nchi mwanachama kuingilia nyingine na ulioilinda mipaka ya kikoloni. Nyerere mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosimamia kanuni hiyo tangu mwanzo. Kusema wazi kwamba jeshi lake linaelekea kuangusha serikali ya nchi nyingine kungewapa marafiki wa Amin hoja, na kungewatia hofu viongozi wengine wa Afrika. Kimya hicho kilikuwa cha kidiplomasia, kikilenga masikio ya wakuu wa Umoja huo huko Addis Ababa na Khartoum kuliko ya Kisarawe. Ila kililipiwa na Kisarawe. Mama aliyejua kwamba mwanawe ameondoka na kikosi chake, na akasikia redio ya nchi yake ikisema wanaopigana Masaka ni Waganda, alibaki na swali lisilo na wa kumjibu: kama ni Waganda, mwanangu yuko wapi?

Jibu alilipata kwa BBC, au kwa askari aliyerudi na jeraha. Ndiyo maana katika miezi ya Februari na Machi redio ya London ilipata imani ambayo haikuipata Novemba. Novemba usawa wake ulikera. Machi ulikuwa faraja, kwa sababu ulitaja mahali vijana walipo. Si kwamba London ilikuwa na waandishi mstari wa mbele. Habari nyingi za nje zilitungwa Nairobi, kutokana na wakimbizi wa Uganda, wanadiplomasia na redio za pande mbili zenyewe. Waandishi wa kigeni walioruhusiwa kufuatana na jeshi la Tanzania walihesabika kwa vidole, wakiwamo Tony Avirgan na Martha Honey, waliokuwa wakiishi Dar es Salaam na ambao baadaye waliandika kitabu kizima juu ya vita hivyo. Waandishi wanne kutoka Ulaya, wawili Wajerumani na wawili Waswidi, walijaribu Aprili 1979 kuingia Uganda kwa mtumbwi kupitia ziwa Victoria wakitokea Kenya. Askari wa Amin waliwaua. Kila sentensi ya redio kuhusu vita hivyo ilikuwa na gharama mahali fulani.

Mwezi Machi pia ulileta Libya. Muammar Gaddafi alipeleka askari kumsaidia Amin, na baadhi yao walikutana na Watanzania Lukaya tarehe 10 na 11. Kisha akaitumia Tanzania onyo kwamba iondoke Uganda la sivyo Libya itaingia vitani. Ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakakosa mji na kuua wanyama wa porini. Nyerere alilitangaza onyo la Gaddafi hadharani, na kwa kufanya hivyo pazia la vita viwili lilianza kufunuka. Wakati huohuo ilienea kauli kwamba hivi ni vita vya Mkristo dhidi ya kiongozi wa Kiislamu. Uzaramo ni nchi ya Waislamu, na maneno hayo yalikusudiwa kwa watu kama wao. Hayakushika. Mkuu wa majeshi ya Tanzania, Abdallah Twalipo, alikuwa Mwislamu, Makamu wa Rais Aboud Jumbe alikuwa Mwislamu, na vijana waliotoka Kisarawe na Mkuranga kwenda Kagera walikuwa watoto wa madrasa. Wito wa jihadi wa 1914 ulikuwa umepita katika vilima hivyohivyo, na wazee waliousikia walikuwa wameacha masimulizi.

Mwisho wake ulisikika moja kwa moja. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Tarehe 11 Kampala ikawa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda wenzao, na aliyegeuza redio kwenye kituo cha Radio Uganda alisikia sauti ya Oyite-Ojok ikitangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha. Kituo kilichodai dakika 25 sasa kilikuwa kikisema maneno ya upande wa pili kwa mawimbi yaleyale. Yusuf Lule, aliyechaguliwa katika mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi, akatangazwa kiongozi mpya. Amin hakunyamaza. Kwa mtambo wa kuhamishika alijitokeza hewani akakanusha kwamba ameangushwa, naye akakimbia nchi muda si mrefu. Kwa siku chache Uganda ilikuwa na serikali mbili redioni na moja mjini. Mapigano yaliendelea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan, lakini redio za nje zilikuwa zimekwisha geukia mambo mengine.

Julai 1979 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Monrovia. Rais Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka, na Nyerere akajibu kwa kuuliza Afrika ilikuwa wapi Amin alipokuwa akiua watu wake na kuichukua Kagera. Majibizano hayo RTD iliyatangaza kwa upana. Kile ambacho kilifichwa Februari sasa kilitetewa hadharani, na utetezi ulikuwa na nguvu zaidi kuliko ule ukimya ungeweza kuwa nazo. Vita viligharimu, kwa makadirio ya serikali, dola za Marekani zipatazo milioni 500, na nchi iliyokuwa tayari imebanwa na bei ya mafuta iliingia miaka ya 1980 na foleni za sukari, sabuni na unga. Betri za redio nazo ziliadimika.

Waliorudi Kibaha na Kisarawe walileta taarifa ya habari ya mwisho. Walikuwa wamesikiliza redio zilezile kwenye mahandaki, na wakiwa nyumbani waliweza kusema ipi ilisema kweli juu ya siku ipi. Walieleza mizinga ya Katyusha ambayo raia wa Uganda waliiita Saba Saba, matope ya Lukaya, ndizi za Masaka, na watu wa Kampala waliotoka mitaani kuwapokea. Walieleza pia habari ambazo hakuna kituo kilichozitangaza, za wenzao waliokufa kwa ajali za magari na kwa maradhi bila kuonana na adui. Kwa baadhi ya nyumba masimulizi hayo ndiyo yaliyokuwa uthibitisho wa kwanza wa msiba. Wengi wa waliobaki huko wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mbali mno na Uzaramo kwa ndugu kwenda kufagia kaburi.